Pua ya Mfalme

Jumatatu, 16 Juni 2025. Nyarero.

Tumefika ukweni salama. Shule zimefungwa. Nice, mke wangu, amefurahi kumwona mama yake. Mimi nimeshuka basini na vumbi hadi kwenye nyusi. Zawadi nilizoleta: sukari, majani ya chai, na kalenda ya sekondari yetu ya Mugumu. Kalenda ya mwaka huu. Najua tupo Juni. Nusu ya pili haijaguswa.

Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kwa heshima kama miezi iliyokwisha inafaa kuwashia moto.

Kabla sijajibu, pikapu ikapiga honi. Thadeo. Huyu ni mume wa Frida, dada yake Nice. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni mwanyumba wangu. Moyoni namwita majina mengine. Anakaa Kewanja, anaendesha mtambo mgodini. Nyuma ya pikapu, tangi la maji. Jeusi, jipya, kubwa kuliko chumba nilichopanga nilipoanza kazi. Boma zima lilitoka kulipokea. Hata mbuzi walisogea. Niliporudi ndani, sufuria ilikuwa imekalia kalenda yangu.

Jioni akachinjwa kuku. Firigisi ikaenda kwa Thadeo. Mimi shingo. Tangu nioe katika boma hili sijawahi kupewa firigisi. Niliwahi kupewa paja, na ilikuwa bahati mbaya ya mgawaji, akaja kulichukua. Mimi, Mwalimu Lusekelo, mtu wa Rungwe, mwalimu wa historia, mlezi wa klabu ya mdahalo! Shingo!

Baada ya chakula baba mkwe, Mzee Machage, akaomba kopo lake. Mzee aliugua sana masika, tukadhani tunamzika. Amepona, ila macho yana ukungu na anasubiri kupasuliwa. Jumapili kuna ibada ya shukrani hapa nyumbani. Mchungaji Waitara atakuja, na ukoo wote. Kopo lenyewe ni la tumbaku. Ndani mna sarafu za marehemu baba yake, aliyechukuliwa ujanani wakati wa vita vya Hitla akapelekwa hadi Burma. Shilingi za mkoloni, kichwa cha mfalme upande mmoja, simba upande wa pili. Na senti kumi zenye tundu katikati. Mzee hutoa moja, huipitisha kwenye kidole gumba taratibu, kisha huanza hadithi yake. Kila sarafu ina hadithi. Jumapili atazisimulia zote mbele ya wajukuu, ndiyo shukrani yake.

Hadithi niliisikiliza nusu. Macho yangu yalikuwa kwenye sarafu. Chafu! Nyeusi kama masizi, ugoro umeganda kwenye masharubu ya mfalme. Vitu vya thamani namna hii viwekwe mbele ya mchungaji vikiwa hivyo?

Hapo wazo likanijia. Thadeo ameleta tangi. Tangi ni plastiki. Mimi nitaleta nuru. Jumapili mzee atafungua kopo na zitang'aa kama zimetoka kiwandani leo. Atauliza nani kafanya hivi. Nitainamisha kichwa tu.

Firigisi ni yangu.

Jumanne, 17 Juni.

Kazi ya kwanza: kulipata kopo. Linakaa chumbani kwa mzee, na mkwe haingii chumbani kwa baba mkwe hata nyumba ikiungua. Nikamwomba Nice aniletee. Nilimwambia nataka kuzipiga picha kwa kumbukumbu ya familia. Nice akafurahi. Akasema hakujua kwamba ninayajali mambo ya kwao. Aliniangalia vizuri sana. Nimejisikia vibaya kidogo, lakini si vibaya vya kutosha.

Ili nifanye kitaalamu, nikampigia Rhoda, anayefundisha kemia shuleni kwetu. Kwao Bukoba mjomba wake alikuwa mkusanyaji wa sarafu za kale, kwa hiyo swali hili alilipenda kupita kiasi. Alieleza mpaka salio langu likaanza kulia. Maji ya vuguvugu, yaliyochemshwa na kuchujwa. Sabuni ya maji, tone tu. Ishike pembeni, usiiguse uso. Iache ilowe, igeuze, isuuze, iweke juu ya kitambaa laini na uikaushe kwa kubonyeza. Usisugue. Uchafu ulioganda uloweke kwenye mafuta ya zeituni, siku nyingi, wiki hata, mpaka uachie wenyewe. Limau hapana. Siki hapana. Dawa ya meno hapana. Nikamuuliza, na weusi je?

“Huo si uchafu, Lusekelo. Hiyo ni ngozi yake ya uzee. Ukiitoa, unayebaki nayo si ile tena.”

Nikamshukuru. Nilifanya alivyosema, kwa nusu saa ya uvumilivu mkubwa. Kweli, ugoro ulitoka. Udongo ulitoka. Masharubu ya mfalme yakaonekana nywele kwa nywele. Kama mtu angeniambia niishie hapo ningekuwa mtu mwenye furaha leo. Lakini sarafu ilibaki nyeusi! Safi, ila nyeusi. Nani atatambua kazi yangu? Usafi usioonekana una faida gani kwa mkwe?

Rhoda hana haraka, na Rhoda hana Thadeo.

Jumatano, 18 Juni.

Limau na chumvi.

Nilijificha nyuma ya zizi, na limau za mti wa jirani. Senti kumi zilibadilika mara moja. Kutoka rangi ya ardhi hadi rangi ya waridi, kama ulimi wa ndama. Nikaruka kwa furaha. Kisha nikaziangalia tena. Hazikung'aa, zilikuwa zimechubuka. Zilifanana na mtu aliyeungua uji.

Shilingi zilikuwa mbaya zaidi. Zilitoka na mabaka, hapa nyeupe, hapa nyeusi. Mfalme akawa kama ana mba. Huwezi kumpelekea mchungaji mfalme mwenye mba.

Nikaongeza dawa ya meno. Nikaongeza stili waya ya mama mkwe, ile ya kusugulia masufuria, ambayo niliokota kwenye uchanja wa vyombo akiwa kisimani. Mkwe mzima, naiba stili waya! Nilisugua mpaka bega likauma. Mabaka yakapungua. Sasa kukawa na mistari, kana kwamba paka amemparura mfalme pande zote.

Jioni nikamkuta Thadeo anafunga bomba la tangi peke yake. Akaniuliza kwa upole kama nitamshikia spana. Nikamwambia nina kazi ya kitaaluma. Akanusa hewa, akaniambia ninanuka vizuri leo, kama saladi. Firigisi imemharibia adabu.

Usiku huu hakukuwa na kuku. Dagaa. Tuligawana sawa.

Alhamisi, 19 Juni.

Siku nisiyotaka kuiandika.

Mistari ilihitaji kulainishwa. Hilo ni jambo la akili ya kawaida. Nikaenda senta kwa fundi samani, nikamwomba kipande cha msasa laini. Akauliza natengeneza nini. Kabati, nikasema. Uongo unakuja wenyewe siku hizi, siuiti.

Nilianza na shilingi moja. Upande wa mfalme tu, kwa sababu ndio wenye heshima. Mviringo, mviringo, taratibu. Iling'aa! Niliweza kujiona meno. Nikafanya ya pili na ya tatu. Nilikuwa naimba. Nilizimaliza zote kabla ya ng'ombe kurudi, nikazipanga kwenye jiwe, nikarudi nyuma hatua kidogo ili nizifurahie.

Wafalme wote hawakuwa na pua.

Nilipinda shingo. Nikageukia jua. Hakuna pua, hakuna masharubu, hakuna sikio. Kulikuwa na umbo kama la kiazi, na herufi kidogo pembeni. Upande wa simba sikuufikia, namshukuru Mungu. Simba yupo, milima ipo, mwaka upo. Lakini mfalme amekwenda. Amekwenda kwenye msasa, unga wa kijivu, na mwingine uko chini ya kucha zangu wakati naandika haya.

Nilikaa chini. Nilikumbuka mzee alivyosema kwamba baba yake alizishona kwenye mshipi wa kaptula kutoka Burma mpaka hapa Nyarero, wezi hawakuzipata, mto haukuzichukua. Mkwe wa mjukuu… hapana, mume wa mjukuu wake ndiye aliyezipata. Kwa limau.

Nice aliuliza kama picha zimetoka vizuri. Nikasema zimetoka vizuri sana.

Ijumaa, 20 Juni.

Nimelala vibaya lakini nimeamka na mpango. Tatizo ni kung'aa. Zikiwa nyeusi tena, nani atachunguza pua? Mzee macho yake hayaoni vizuri. Wageni wataziona kwa mbali. Weusi utaficha yote.

Simu inasema hivi: yai lililochemshwa likapondwa, likafungiwa pamoja na fedha kwenye chombo, hufanya fedha kuwa nyeusi. Hewa ya yai ndiyo inayofanya kazi. Rhoda angejua. Sikumpigia Rhoda.

Mayai yapo. Kuku wa mama mkwe wanataga nyuma ya ghala. Niliyachukua nikiwa natazama mawingu. Nikawasha moto mdogo nyuma ya zizi, nikayachemsha kwenye kikombe changu cha kunyolea ndevu. Nilikuwa nimechuchumaa, najipulizia moshi machoni, yai moja mkononi na mawili kwenye mifuko ya suruali, mama mkwe alipotokea na kapu la kuokotea mavi ya ng'ombe ya kukandikia.

Ninyi mnaosoma mkoani kwingine hamjui uzito wake. Kwa Wakurya mkwe na mama mkwe hawakutani ovyo. Hupishana njiani kila mtu akiangalia majani yake. Na mimi hapa, nimechuchumaa, na mayai yake. Nikasema shikamoo mama. Akageuza uso pembeni kwa heshima, akaitikia marahaba. Kisha akasema, akiliambia zizi:

“Mwalimu, kama chakula hakikutoshi, mwambie Nice. Naye ataniambia.”

Akaondoka. Kapu tupu.

Ningependa ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nikaponda mayai.

Jumamosi, 21 Juni.

Zimekuwa nyeusi! Yai halidanganyi. Si weusi uleule, huu una ubluu kidogo na njano pembeni, lakini nani atalinganisha? Zile senti zilizochubuka yai halikuziweza, hivyo nikazipaka rangi ya viatu, na shilingi nazo kidogo, kisha nikazipangusa. Zimetulia. Nilizirudisha koponi, nikampa Nice. Akauliza mbona linanuka. Tumbaku ya zamani, nikasema. Akaliangalia kopo, kisha akaniangalia mimi, na hakuongeza neno. Nice akinyamaza, huwa kuna kitu kinajengwa.

Wageni wameanza kufika. Fahali amechinjwa. Nimejitolea kubeba viti, bila kuombwa, hata vile ambavyo havikuhitaji kubebwa. Dhamiri hupenda mazoezi.

Jumapili, 22 Juni.

Nitaandika kama ilivyotokea.

Mchungaji Waitara aliomba vizuri, kwa ufupi kuliko kawaida yake. Kwaya iliimba. Mzee Machage alikaa kwenye kiti chake amevaa shati jeupe, wajukuu wamejaa mkekani mbele yake. Mimi nilikuwa safu ya pili, nyuma ya shangazi Modesta, dada yake mzee, mama mnene mwenye kofia. Nilimchagua kwa ajili ya unene.

Mzee akafungua kopo. Harufu ikatoka. Safu ya mbele waliegemea nyuma kwa pamoja, kisha kila mtu akamwangalia jirani yake kwa siri, kama watu wafanyavyo kanisani hali kama hiyo ikitokea. Mchungaji alikohoa. Shangazi Modesta aligeuka akanitazama mimi. Sikuwa nimefanya lolote! Yaani, kwa namna hiyo.

Mzee hakujali harufu. Akachukua shilingi ya kwanza, akasema kwamba Mungu amempa siku zaidi ili aseme haya kwa watoto. Akaiweka chini ya kidole gumba.

Kidole kikaenda, kikarudi. Kikaenda tena.

Akaiweka kwenye goti, akachukua nyingine. Kidole kikazunguka. Akaiweka. Nyingine. Watoto walikuwa wanasubiri midomo wazi. Kidole chake kilikuwa kimeshaingia weusi, na alipojipangusa jasho, shavu nalo likaingia weusi, na shati.

Ndipo nilipoelewa. Naona aibu kuandika kwamba ni hapo tu ndipo nilipoelewa. Mzee hajaziona sarafu zake kwa miaka. Anazisoma. Ile yenye pua kali ni ile ambayo baba yake hakuitumia hata alipolala njaa Nairobi. Ile yenye pua iliyolika ilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia siku waliyoshuka melini Mombasa. Ile yenye kovu shavuni ndiyo aliyoigonga kwa jiwe kuona kama ni ya kweli. Kidole ndicho jicho lake. Nilikuwa nimetumia siku nzima na mayai ya watu kuficha jambo kwa mtu asiyeona rangi, na nilikuwa nimefuta kitu pekee alichokuwa anakiona.

“Hawana sura,” mzee akasema. Alisema kwa sauti ndogo, kama anajisemea. “Sijui yupi ni yupi.”

Shangazi Modesta ndiye aliyeanza. Akasema huko migodini wana dawa za kulamba madini, dawa kali, na kuna watu hutoka huko na kuingia humu wanavyotaka, na kopo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Vichwa vyote vilimgeukia Thadeo.

Nilikuwa na mdomo. Ulikuwa pale pale, chini ya pua yangu, pua ambayo hakuna aliyenisugulia. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama. Nice alikuwa upande wa wanawake. Hakumwangalia Thadeo. Aliniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri.

Nilirekebisha kamba ya kiatu.

Thadeo hakujitetea. Alisogea mbele, akachuchumaa kando ya kiti cha mzee, akachukua shilingi moja kutoka gotini. Akasema, “Tata, anza na ya meli. Hii tuseme ndiyo ya meli.” Tata ni baba kwa Kikurya, huyu ni mkwe kama mimi, lakini anamwita Tata. Mzee akageuza uso kuielekea sauti. Halafu akaanza hadithi ya meli. Alisitasita, alikosea mahali akarudi. Ilipokwisha, Thadeo akampa nyingine, akamnong'oneza mwanzo wake. Hadithi zote anazijua. Siku zote ambazo mimi nilikuwa nasikiliza nusu, yeye alikuwa anasikiliza.

Wakati wa chakula Thadeo alikaa mbali, kwa sababu ya maneno ya shangazi. Kwa hiyo mgawaji alipotafuta mkwe wa kumpa heshima, akaniletea mimi. Kwenye sahani, juu kabisa ya wali, firigisi.

Niliila. Haikumezeka vizuri.

Jumatatu, 23 Juni.

Nilimkuta Thadeo asubuhi akijaza maji kwenye tangi. Nikamwambia ni mimi. Akasema anajua, limau Jumatano, mayai Ijumaa, na fundi samani ni rafiki yake na aliuliza kabati la mwalimu limefikia wapi. Nikamuuliza kwa nini hakusema jana.

“Ningesema si mimi, wangeuliza basi nani. Na mzee alikuwa katikati ya shukrani yake.”

Akarudi kwenye bomba lake. Safari hii nilishika spana. Niliishika kwa upande usiofaa, lakini niliishika.

Kisha nikaenda kwa mzee. Alikuwa anaota jua kwenye lango la zizi. Nilipiga magoti umbali unaofaa, nikasema shikamoo, nikaanza hotuba niliyoiandaa, ambayo ilikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho. Akaninyamazisha kwa mkono kwenye utangulizi. Akasema Thadeo hunuka dizeli. Sarafu zilinuka limau, dawa ya meno, na yai. Na mama yao alikuwa amemwambia tangu Ijumaa kwamba mkwe wao mmoja analia njaa na kupika mayai kichakani, wakawa wananihurumia wote wawili. Nice naye alikwenda kwake jana usiku akalia, akasema yeye ndiye aliyelitoa kopo.

Kwa hiyo walijua. Wote walijua! Mimi tu ndiye niliyekuwa nimebaki kwenye siri yangu, peke yangu, nimejifungia.

Nikamwuliza kwa nini jana hakumsafisha Thadeo mbele za watu. Akasema alikuwa anangoja kusikia mtu mwingine akifanya hivyo. Hakupandisha sauti. Leo asubuhi, alipoona mtu huyo ameshapata usingizi wake na kifungua kinywa chake, alimwita shangazi Modesta akamwambia mwenyewe. Shangazi ameshaondoka kwenda kumwomba Thadeo radhi. Mimi alinipita langoni bila kunitazama.

Nilitegemea faini. Nilitegemea mbuzi wa kusafisha jina. Ningetoa mbuzi kwa furaha. Mzee akachukua kopo akanipa.

“Una macho. Nisomee mwaka.”

Nikasoma mwaka ulioandikwa chini ya simba. Akafikiri. Akasema ile ni ya meli, isingeweza kuwa nyingine. Nikasoma mwingine. Tukaenda hivyo, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja alinisimulia hadithi yote tangu mwanzo, akanitaka niirudie, na nilipokosea alinirudisha. Mbili zilikuwa za mwaka mmoja. Hizo hatukuweza kuzitenganisha. Alizishika muda mrefu, moja kila kiganja, akazirudisha koponi.

Hilo la mwisho ndilo limenifanya nishindwe kula mchana. Ningepigwa ningejua la kufanya na uso wangu.

Nimeapa mbele ya Nice kwamba sitagusa tena kitu cha mtu ambacho sikuombwa kukigusa. Nice akasema sawa. Aliisema kama mtu anayepokea kalenda.

Ijumaa, 4 Julai. Mugumu.

Tumerudi nyumbani. Nimekuwa mtu mpya. Majirani hawajaona, lakini mimi naona.

Na leo jambo zuri. Thadeo amekuja na pikapu, akaniachia pikipiki yake ya zamani. Mkopo wa kindugu, amesema, nisiwe natembea kwa miguu kwenda shule. Alipewa sifa mbaya kwa ajili yangu, halafu ananipa pikipiki! Ameniomba jambo moja tu: nimtumie kwa ujumbe namba ya chasisi iliyogongwa shingoni mwa fremu, maana kesho asubuhi anakwenda kulipia bima na kadi imefutika kwa jasho. Isome tu, amesema. Alilirudia neno “tu”.

Nimechuchumaa na tochi. Namba ipo, ila imefunikwa na oili na tope la miaka. Inasomeka ukikaza macho. Lakini mtu aliyekutendea wema namna hii, unamtumia namba uliyoisoma kwenye uchafu? Hapana. Nimeona nimfanyie kitu kizuri, asichotegemea. Nimefuta kwa kitambaa. Kisha kwa petroli. Kulikuwa na kutu kidogo chini yake, na kutu ukiiacha inakula. Fundi wa hapa jirani ana patasi nzuri na tupa ya chuma.

Fremu sasa inang'aa ajabu.

Tarakimu ya mwisho ilikuwa nane. Au tatu. Nice yupo jikoni, anauliza ni sauti gani hiyo. Nimemwambia napiga picha.

Nimemtumia Thadeo nane.